Vitunguu Nilivyompa Shangazi Yako

Wangari mwanangu,

Umeenda Kawangware kusukwa nywele, na kwa vile Ijumaa saluni hujaa, najua hutarudi kabla jua halijapungua. Kesho asubuhi pikapu itakuja kukuchukua wewe na vitu vyako kwenda Waithaka. Nimebaki na mchana huu tu wa kuandika jambo ambalo mdomo wangu umekataa kulisema kwa wiki mbili. Barua hii nitaiweka juu ya kreti ya kwanza ya vitunguu, uione kabla hujashika jembe.

Mawaidha ya gesi, ya kufuli na ya kuanika blanketi sitayaandika. Umeishi nami miaka ishirini na miwili. Kama hukuyaona, hutayasoma. Nataka nikuambie nilichofanya.

Jina lako ni la shosho yako, mama ya baba yako. Humkumbuki, kwa sababu alitutoka ukiwa unatambaa. Mimi nilifika kwake Waithaka nikiwa msichana wa Machakos ninayepika chai katika ofisi moja mjini, sijui Kikuyu zaidi ya salamu, nimemfuata mwanawe Kamau kwa sababu alinichekesha. Watu wa boma lile walinitazama kama chombo kilicholetwa nyumba isiyo yake. Shosho yako hakunitazama hivyo. Siku ya tatu alinipa jembe dogo akanipeleka nyuma ya jikoni, palipokuwa na tuta la vitunguu.

Vilikuwa vitunguu vidogo, vyekundu, vimebanana shinani kama vidole vya mkono uliofumbwa. Aliniambia hajawahi kununua mbegu tangu aolewe. Unapanda kichwa kimoja mvua ikianza, chenyewe kinajigawa chini ya udongo, na majani yakilala unang'oa shina zima lenye watoto sita, saba, wakati mwingine kumi. Unavitenganisha kwa mkono, polepole, bila kisu. Unavianika kivulini siku chache. Vilivyonona unaviweka vya kupanda, na vile vingine ndivyo chakula.

"Mtu mlafi hula kile kizuri," aliniambia. "Halafu baada ya misimu mitatu anashangaa mbona vitunguu vyake vimekuwa kama njegere."

Alinifundisha kupanda shingo ikiwa nje, nafasi ya shubiri kati ya kimoja na kingine, na kutoviruhusu kutoa ua. Alinifundisha vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kunifundisha kitu. Alipokuwa mgonjwa, karibu na mwisho, alisema mbele ya watu wote kwamba tuta lile ni langu. Wifi yangu, shangazi yako Nyambura, alikuwa amesimama mlangoni na bakuli ya supu. Aliiweka bakuli chini akatoka, na mimi, mjinga wa furaha, sikuelewa nilichokuwa nimepewa pamoja na vile vitunguu.

Baba yako alifuata mama yake baada ya miaka mitatu. Hilo nimekusimulia mara nyingi: tumbo, wiki tatu, basi. Ambalo sijakusimulia vizuri ni siku iliyofuata matanga.

Nilirudi kazini kwa sababu ofisi ilinipa siku chache tu. Wewe nilikuacha kwa jirani. Jioni nilipofika nilikuta vitu vyetu kando ya barabara, na mvua ilikuwa imeanza. Godoro lilikuwa limenywa maji hadi haliinuliki. Nguo za baba yako zilikuwa zimefungwa ndani ya shuka, na viatu vyako vidogo vimewekwa juu yake, kimoja kimelala ubavu. Nyambura alikuwa kwenye lango pamoja na wanaume wawili wa ukoo.

Nikamuuliza, "Nyambura, hii ni nini?"

"Ndoa yenu haikumalizwa kimila," akasema. "Unajua hivyo. Ulikuwa mgeni wa ndugu yangu, na ndugu yangu ameenda."

"Na mtoto?"

"Mtoto akikua atajua nyumba ya babake. Sijafukuza mtoto."

Alisema hivyo kwa sauti ya upole, kama mtu anayekuelekeza njia. Laiti angenitukana. Ningekuwa na kitu cha kujibu.

Nilimwomba jambo moja, niingie nichukue vitunguu. Akacheka kidogo, akaniruhusu. Nadhani alitaka kuniona nikichimba matope mbele ya wale wanaume. Nilichimba. Nilipata shina moja tu kabla hajasema imetosha, nikalifunga kwenye skafu yangu ya kazini. Hivyo ndivyo tulivyokuja Woodley, wewe mgongoni na vile vitunguu mkobani, kwenye kile chumba nyuma ya nyumba ya mwalimu mzee ambaye hadi leo unamwita Cucu Tisha, bibi mwalimu. Mwalimu alinionyesha kipande cha udongo kando ya ua akasema nipande nitakacho.

Sasa nisikilize. Watu wengi wangekuambia kwamba walilia, wakaomba, wakaacha yote kwa Mungu. Mimi kanisani niliimba na wengine, lakini kila nilipopiga magoti nilikuwa nikimwona Nyambura kwenye lango. Nilikuwa nikipanga. Sikujua napanga nini, ila nilijua ningeujua wakati wangu utakapofika. Nililea ile hasira kama nilivyolea vile vitunguu. Vilipokuwa mashina manne, nilifikiri: hata yeye anazeeka. Vilipojaza ua wote: bado.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la haraka. Ulikuwa darasa la pili wakati majirani walipoanza kuniomba vitunguu vya kupanda, na mimi, kwa kupenda sifa, sikutaka kumwambia yeyote angoje msimu ujao. Nikachukua vingine sokoni, vya kufanana, nikavipanda tuta moja na vyetu. Msimu huo mvua ilikuwa ya baridi na ndefu. Majani yakaanza kuwa manjano kutoka chini. Nilidhani ni maji mengi. Nilipong'oa kimoja, kitako chake kilikuwa na utando mweupe kama pamba, na ndani ya pamba vidonge vyeusi vidogo, vidogo kuliko mbegu za mchicha.

Afisa mmoja wa kilimo alikuja kumwona mwalimu kuhusu miti yake, nikamwonyesha. Aliviangalia bila kuvigusa.

"Mama, hii ni kuoza kweupe," akasema. "Haina dawa. Hivi vyeusi ndivyo mbegu ya ugonjwa, na vinakaa kwa udongo miaka ishirini, pengine zaidi, vikingoja kitunguu kingine. Hapa usipande tena kitunguu, wala saumu, wala liki. Choma hivi vyote. Osha jembe, osha viatu. Na tafadhali usimpe mtu hata kimoja."

Nilichoma karibu vyote. Bahati yetu ilikuwa mashina mawili niliyokuwa nimempa mwalimu, akayapanda kwenye beseni kuukuu juu ya veranda, mbali na lile tuta. Hayo yalikuwa safi, na vitunguu vyote unavyovijua, hata hivi vilivyo chini ya barua hii, vimetoka kwenye lile beseni.

Nilisema karibu vyote. Katoni moja niliiweka chini ya sinki la nje. Ukiniuliza siku ile kwa nini, ningekuambia sijui.

Haukupita mwezi, Nyambura akaja Kilimani.

Nilikuwa nimeshaacha kazi ya mjini, nikiipikia familia moja kwenye yale magorofa. Mlinzi alinipigia simu jikoni akasema kuna mgeni wangu getini. Nikashuka na aproni. Alikuwa amesimama kando ya magari, amevaa vizuri, mkoba ameukumbatia kwa mikono miwili. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona tangu ile mvua.

"Mama Wangari, habari ya siku nyingi."

"Nzuri."

"Niliskia uko na vitunguu za mama."

Nikapangusa mikono kwenye aproni.

"Zangu ziliisha," akasema. "Ule mwaka wa kiangazi. Sijui ni nini, zilikuwa zinakuwa ndogo, ndogo, mpaka zikaisha. Nataka tu kidogo ya kupanda. Ni vitunguu za mama."

Alikula vile vizuri, nikawaza. Shosho alisema. Nilisimama pale nikimngoja aseme neno moja tu, mwanangu. Nakuapia, laiti angesema pole, hata pole ya mdomoni, hata kama ni pole ya jua lilivyokuwa kali, ningempeleka kwenye beseni la mwalimu. Hakuuliza hata unaendeleaje. Hakulitaja jina lako mbali na kuniita mama yako.

"Njoo Woodley Jumamosi," nikamwambia. "Nitakuandalia."

Alikuja. Nilikuwa nimeitoa ile katoni na kuchagua vile ambavyo ugonjwa ulikuwa haujaonekana nje, vilivyokuwa vigumu na vyenye kung'aa. Kisha nilikwenda kwenye lile tuta, nikachukua udongo kwa mikono yangu miwili na kuvifunika nao, kama mtu anavyofunika mayai. Nilipompa nilimwambia, "Usivioshe. Vimeuzoea udongo wao. Na usivirundike mahali pamoja. Vitawanye shamba lote, halafu ule udongo uliobaki nyunyiza juu."

"Mama hakuwa anafanya hivyo," akasema.

"Mama yako alinifundisha mimi mengi ambayo hukuyaona."

Niliona neno hilo likimchoma. Alichukua katoni akasema asante. Nilimsindikiza hadi langoni, mimi, nikamfungulia lango.

Msimu uliofuata, rafiki yangu wa kanisani anayekaa karibu naye alinipigia simu. Alisema, "Vitunguu za Nyambura zimelala zote. Analia ati amerogwa." Jioni ile nilipika chapati na kuku, na ukaniuliza ni siku ya kuzaliwa ya nani. Nikakuambia ni siku tu nzuri. Unaikumbuka? Ulikula chapati tano. Nilikutazama ukila, nikajiambia, tumelipwa.

Alijaribu tena msimu uliofuata, na mwingine, na mwaka ule mwingine akajaribu saumu. Kila mara habari ilinifikia. Jumapili nyingine, baada ya ibada, nilikuwa nashuka Waithaka peke yangu na kupita kando ya ua wake, polepole, nikitazama matuta matupu. Wewe ulidhani nimekwenda kuona wagonjwa.

Husemwa kwamba kisasi hakishibishi. Mimi kilinishibisha. Sitakudanganya juu ya hilo, maana siku moja na wewe utadhulumiwa, na ukikumbuka kwamba mama yako alikuambia kisasi ni kichungu, halafu ukakionja ukakikuta kitamu, hutaniamini tena kwa lolote. Ni kitamu. Nilikila miaka mingi na sikukinai. Shida yangu ni kwamba kilimfikia Nyambura kikampita, na sikujua kilikuwa kimeelekea wapi.

Mwaka huu wazee wa ukoo wakakutana. Unajua yaliyosemwa: sheria imebadilika, mtoto wa kike ni mtoto, Kamau alikuwa na sehemu yake. Nyambura hakupinga. Ulirudi kutoka kile kikao ukicheka na kulia pamoja, ukaniambia mpango wako wote kwa pumzi moja. Utaacha kazi ya duka pale Kilimani, utapanda vitunguu vya Shosho kwenye shamba la baba yako, na wale wateja wa magorofani wanaokujua watakuagiza kwa simu. Ulikuwa umeshafikiria hata jina la biashara. Nikakuambia ni vizuri. Moyoni nilikuwa nikiuliza, sehemu gani? Shamba ni kubwa. Kule juu sikumbuki kama alitawanya.

Wiki mbili zilizopita tulikwenda kuonyeshwa mipaka. Wewe ulitangulia na mzee mwenye kamba, ukirukaruka mitaro kama ndama. Mimi nilibaki karibu na tangi la maji, na Nyambura akaja akasimama kando yangu. Amezeeka. Goti moja halikunji. Tulitazama mlikokuwa mkipima.

"Hapo ndipo nilipanda zile vitunguu zako," akasema.

Nikalishika tangi. "Zipi?"

"Za katoni. Nilitawanya hapo, yote, vile uliniambia. Huku upande mwingine sikufikisha, zilikuwa zimeisha."

"Ulijua?"

"Mwaka wa kwanza sikujua. Mwaka wa pili nilipeleka moja kwa ofisi ya kilimo. Yule kijana akaniuliza, 'Nani alikupatia hii?' Nikamwambia ni mtu wa familia."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema wapi? Kanisani? Ningesimama niseme nilimtupia mtu vitu vyake kwa mvua, naye akanipatia vitunguu mbovu?" Alikuwa bado anakutazama wewe. "Nilinyamaza."

"Nyambura, mpe upande ule mwingine."

"Upande ule mwingine niko na nyumba na ng'ombe. Hiki ndicho kipande cha Kamau, kilikuwa chake hata mama akiwa hai. Si mimi nimekichagua, Mama Wangari. Wewe ndiye ulichagua, siku ile uliniambia nitawanye."

Kisha akanigeukia kwa mara ya kwanza.

"Mwambie kama unataka. Ama unyamaze, kama mimi. Apande, zioze, na wewe uangalie."

Wakati huohuo ukatuita kutoka kule chini, umenyoosha mikono kuonyesha upana wa shamba lako, na sisi wawili tukakupungia mkono.

Wiki mbili, Wangari. Nimekaa kwenye veranda nikikutazama ukitenganisha vichwa, ukiweka vilivyonona kwenye kreti na vidogo kwenye sufuria, sawasawa na vile nilivyokufundisha, sawasawa na vile alivyonifundisha yule ambaye jina lake unalo. Kila jioni nilisema nitakuambia baada ya chakula. Kwa siku tatu nilikuwa tayari kabisa kukuambia kwamba ni yeye, kwamba shangazi yako aliharibu udongo ili usipate kitu. Ungeniamini. Maneno yote nilikuwa nimeyapanga, na yalinipendeza. Siku ya nne ulirudi na buti mpya za mvua, ukazivaa ndani ya nyumba, ukaniuliza kama zinakufaa. Nikashindwa. Sikuweza kukutuma kwenye lile shamba na uongo wangu pia, juu ya ule udongo.

Kwa hiyo ukifika, usipande hata kimoja ardhini. Wala usijaribu kona moja ili uone. Ukijaribu utakuwa umeulisha ule ugonjwa. Shamba halijafa. Litakupa viazi, maharagwe, sukuma, managu, chochote kisicho ndugu ya kitunguu. Vitunguu vipande kwenye madebe na mabeseni, kwa udongo utakaoletewa kutoka mahali pengine, na uyainue juu ya mawe ili maji ya chini yasiyaguse. Uwe na jembe la shambani na kijiko cha madebe, visikutane. Zile buti zioshe kabla hujayakaribia madebe. Na mtu akikuomba vya kupanda, mwambie aje Woodley kwangu, kwa sababu kutoka shamba lile hakuna kitunguu kitakachotoka tena na udongo wake maadamu mimi ni hai. Itakuwa kazi zaidi ya uliyoipanga na mavuno machache kuliko uliyowaahidi watu wako wa Kilimani. Hayo nimekunyang'anya mimi. Ukinikasirikia utakuwa na haki, na usiharakishe kuacha kwa sababu ya huruma.

Sijamsamehe Nyambura. Nimejitazama vizuri wiki hizi mbili, na sijaiona hiyo samahani popote. Nikikumbuka viatu vyako juu ya ile shuka, mikono yangu bado inataka kufanya kitu. Lakini wewe huna deni naye la kulipiza. Yeye ni dada ya baba yako, na unakwenda kuishi naye lango moja. Atakuletea uji siku ya kwanza, namjua. Hata mimi aliniletea nilipofika pale bibi harusi, na uji wake ulikuwa mzuri. Unywe. Akiumwa goti, mchotee maji. Hasira hii ni yangu, nimeifanyia kazi peke yangu, na sitaki kuiona mikononi mwa mtu mwingine.

Nakuomba kitu kimoja tu, na ukiniona mbaya kwa kukuomba, basi nione hivyo. Yeye ana hakika kwamba nimenyamaza. Alisimama pale kando ya tangi akanipimia kwa kipimo chake. Siku atakapoona unapanga madebe badala ya kuchimba, atakuuliza ni kwa nini. Mwambie, "Mama ameniambia yote, na yako na yake." Usiongeze neno. Kisha mtazame usoni vizuri kabla hajageuka, halafu unipigie simu, uniambie ulichokiona.

Ni mimi niliyekuzaa,
Mama